Kokwa ya Mwenye Shida

Nyuma ya Msambweni, pale minazi inapoanza kuachia nafasi mikorosho na mikwaju, mtu akifikwa na jambo zito alikwenda kwanza kwa Mwanaima binti Boga. Mwanaima hakuwa mganga wala mwanachuoni. Alikuwa mjane, msusi wa makuti ya kuezekea, mwenye vidole vigumu na maneno machache. Lakini alikuwa na gunia.

Gunia lenyewe halikuwa na nafaka. Lilikuwa na kokwa za ukwaju, nyeusi, zimelainika kwa kushikwashikwa, na ukilipandisha begani uzito wake ni kama wa mtoto aliyekwisha kuacha ziwa. Marehemu baba yake, Mzee Boga, aliziokota, akaziosha na kuzihesabu mwenyewe: elfu kumi na sita, mia sita arobaini na moja. Isipungue, isizidi. Hiyo ndiyo idadi ambayo wazee walipokea kwa wazee wao ya kumwita Mola kwa jina lake la upole, Ya Latifu, wakati wa dhiki kubwa. Haikuokotwa njiani. Jina hilo lina herufi nne, na kila herufi ina hesabu yake: lamu thelathini, twa tisa, ya kumi, fa themanini. Jumla yake mia moja ishirini na tisa. Mia moja ishirini na tisa ikizidishwa kwa yenyewe, ndiyo idadi ya gunia.

Nani atahesabu mpaka huko asipotee? Kwa hiyo hakuna aliyehesabu. Kokwa zilimwagwa katikati ya jamvi, wanawake wanane wakalizunguka lile fungu, kila mmoja na bakuli lake la bati. Mkubwa wao alianza, na wote wakaita kwa sauti moja, "Ya Latifu," na kwa kila wito kila mkono ulichukua kokwa moja na kuitia bakulini. Aliyepotewa aliinua mkono, wenzake wakamngoja. Fungu lilikwenda likipungua, na baada ya kama saa nzima mikono minane ilichukua kokwa nane za mwisho, na juu ya jamvi ikabaki moja.

Siku zote ilibaki moja. Hiyo msomaji haigusi. Ilikuwa ya mwenye shida: mama wa mgonjwa, mke wa aliyepotea, yeyote aliyelilia gunia. Aliishika, akaita mara moja peke yake, na hapo kisomo kikafungwa. Mwenye shida asipokuwapo, kisomo hakifungwi. Ndivyo Mzee Boga alivyoacha, na Mwanaima hakupunguza neno.

Mwanaima alijaaliwa mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mejumaa. Alisoma skuli mpaka darasa la nne, na hesabu ilikuwa kwake kama peremende.

Kila mwaka mwezi wa Mlisho, kabla Ramadhani haijaingia, mama na binti walilikagua gunia. Walitandika jamvi uani na kuzipanga kokwa kwa mraba. Unaweka kokwa moja pembeni. Unaizungushia tatu kwa pande mbili, unapata mraba mdogo wa mbili kwa mbili. Unazungusha ukingo mwingine wa tano, unapata tatu kwa tatu. Kisha ukingo wa saba, wa tisa, wa kumi na moja, na kuendelea mpaka jua lipinde. Ukingo wa mwisho ukitimia bila kupungua wala kuzidi, gunia ni zima.

"Mama, umeona?" Mejumaa aliuliza mwaka mmoja, akiwa bado msichana wa kusuka nywele mbili kichwa kizima. "Kila ukingo unamzidi mwenziwe kwa kokwa mbili."

"Nimeuona uvivu wako. Panga."

"Napanga, mama, na ulimi unapanga. Ukingo wa mwisho una kokwa mia mbili hamsini na saba. Sikuzihesabu. Nimejua tu."

"Babu yako naye alijua, na skuli hakwenda."

"Na ile moja inayobaki, babu alikwambia kwa nini inabaki?"

"Inabaki kwa sababu ni ya mwenye shida."

"Ni kweli, mama. Lakini na hesabu nayo ina sababu yake. Hebu tazama."

Aliyapanga mabakuli manane. Akahesabu kokwa tisa, yaani tatu mara tatu, akagawa. Kila bakuli likapata moja, mkononi ikabaki moja. Akahesabu ishirini na tano, tano mara tano. Kila bakuli tatu, ikabaki moja. Akahesabu arobaini na tisa, saba mara saba. Kila bakuli sita, ikabaki moja. Mwanaima aliacha kupanga, akawa anatazama mikono ya mwanawe.

"Namba isiyogawika kwa mbili," Mejumaa alisema, "ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukaigawia wanane, hubaki moja. Iwe ndogo, iwe kubwa kama hii yetu. Na ukiigawa yetu kwa wawili, au wanne, au watano, au kumi, hubaki hiyo hiyo moja."

"Na ile inayogawika kwa mbili?"

Mejumaa alijaribu nne mara nne: kila bakuli mbili, mkono mtupu. Akajaribu sita mara sita: kila bakuli nne, zikabaki nne. "Hizo hazibakishi moja kamwe," alisema. "Ama hubaki nne, ama hakibaki kitu. Mwenye shida aende kwao bila neno."

"Na wakiwa watatu?"

Binti alifumba macho, midomo ikichezacheza. "Watatu hugawana sawasawa. Basi tukisoma mimi, wewe na marehemu babu, hatubakishi kitu."

Mwanaima alicheka, jambo ambalo kwake lilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Lakini katika yote hayo alishika moja tu: mraba ukifunga, gunia ni zima. Baba yake alikuwa na desturi nyingine juu ya hiyo. Alipomaliza kupanga, alipitisha kidole ubavuni mwa mraba, kokwa baada ya kokwa, mpaka afike mia moja ishirini na tisa. Hiyo Mwanaima aliiacha, kwa kuona kwamba mlango uliofungwa haufungwi mara ya pili.

Kisha ikaja njaa ya mwaka wa sitini na moja. Mvua ilikataa. Huko Kinango ng'ombe walianguka njiani wakienda kutafuta maji, na watu wa bara waliteremka pwani na watoto mgongoni wakikuta pwani nako vyungu vimefunikwa. Mihogo iliisha, maembe mabichi yakaisha, mikwaju ikapukutishwa mpaka kwenye vitawi. Na katikati ya hayo Mwanaima akashikwa na homa. Alilala kitandani mifupa mitupu, hajui asubuhi wala jioni.

Alichokikumbuka baadaye ni uji. Mejumaa alimwinua kichwa, akamwekea bakuli mdomoni. Uji ulikuwa mweusi mweusi, mzito, wenye harufu ya kitu kilichoungua.

"Uji gani huu?" Mwanaima aliuliza.

"Uji wa Mungu, mama. Kunywa."

Alikunywa. Siku iliyofuata alikunywa tena. Homa ilimwachia, na mahindi ya msaada yakafika, na mvua nayo ikaja kwa hasira ya kufidia, ikavunja madaraja na kuzamisha mashamba. Mwezi wa Mlisho ulipoingia walitandika jamvi kama kawaida. Mwaka huo Mejumaa alipanga kimya. Mama alidhani anawaza posa, maana Alfani, kijana mpishi katika hoteli mojawapo ya Diani, alikwisha kuleta wazee. Ukingo wa mwisho ulitimia.

"Umefunga," Mwanaima alisema.

"Umefunga, mama," binti alijibu, akaanza kuzirudisha kokwa guniani kwa haraka.

Akaolewa, akahamia Diani. Kwa zaidi ya miaka miwili Mwenyezi Mungu aliwapumzisha wale watu, hakuna aliyelilia gunia. Kila Mlisho Mejumaa alikuja kupanga na mama yake, na mraba ukafunga. Bendera ya Uhuru ikapandishwa, ngoma zikapigwa Msambweni, na Mwanaima akauza makuti kuliko mwaka wowote, kwani kila mtu alitaka kuuona Uhuru akiwa chini ya paa jipya.

Masika yaliyofuata Mejumaa alirudi kwa mama yake, mimba yake ya kwanza ikiwa imekomaa, kwa kuwa mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mke. Uchungu ulimshika alfajiri. Ilipofika adhuhuri mkunga alitoka chumbani akifuta mikono, akasema polepole, "Huyu si wangu tena. Apelekwe hospitali."

Mvua ilikuwa ikimwagika. Barabara ilikuwa tope tupu, gari halipiti. Alfani na wanaume wa jirani waling'oa miimo ya mlango, wakaifunga kwenye kitanda cha kamba iwe mipini ya kukibebea, wakamfunika Mejumaa kwa turubai. Mwanaima alikwisha kujifunga leso ya pili kichwani aandamane nao.

Hapo ndipo Dama alipomshika mkono. Dama alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, shoga yake tangu ujana, na mkubwa wa wasomaji.

"Shoga, na kisomo?"

"Someni."

"Tutasoma. Nani atafunga? Mama wa mgonjwa ni wewe. Kisomo ni saa moja. Maliza, kisha uwafuate. Wenye kitanda hawaendi mbio katika tope hili."

Mwanaima alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alimtazama mwanawe chini ya turubai. Uso ulikuwa umelowa jasho na mvua.

"Mama," Mejumaa alisema. "Gunia. Acha gunia. Twende."

"Nakusomea, mwanangu. Usiwe na hofu. Nakuja nyuma yenu."

Mejumaa alitikisa kichwa. Akataka kusema jambo, uchungu ukamkata neno, akabaki anatikisa kichwa. Wanaume wakainua. Mwanaima alidhani ni maumivu yanayomtikisa.

Wakasoma. Wanawake wanane, mabakuli manane, mvua juu ya makuti na sauti moja chini yake. Mwanaima alikaa pembeni kama mwenye shida anavyokaa, mikono mapajani, akilitazama fungu linavyoshuka. Kila lilivyoshuka alihesabu moyoni, si kokwa, bali hatua za wale wanaume: sasa wamepita mikorosho, sasa wako bondeni, sasa wanapanda. Vidole vyake vilikwisha kuwa tayari kwa ile moja. Alijua hata atakavyoishika.

Mikono minane ilichukua kokwa nane. Jamvi likabaki jeupe.

Mmoja alilipapasa jamvi. Mwingine alitazama chini ya paja lake. Mwanaima alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, na mkono ukabaki pale pale hewani.

"Limetimia," Dama alisema hatimaye. "Mola amezipokea zote, hakurudisha hata moja. Ni dalili njema hiyo, shoga."

"Dalili njema," wengine waliitikia, na nyuso zikafunguka.

"Mimi sijaita," Mwanaima alisema.

"Umeitiwa."

Alitoka mbio. Leso ya kichwani ilimwanguka mikoroshoni, hakuirudia. Alipofika bondeni alimwona Alfani anarudi peke yake, miguu mitupu, kanzu imeshikana na mwili, na kwa jinsi alivyotembea, kama mtu asiye na anakokwenda, Mwanaima alijua.

"Mtoto ni mzima," Alfani alisema. "Wa kike. Walimtoa papo hapo tulipofika, akalia."

Mwanaima alingoja.

"Alikuwa akikuita, mama. Njia nzima alikuwa akikuita. Nikamwambia unakuja."

Mejumaa alizikwa jioni ile ile, mvua imepungua kidogo. Mtoto alipelekwa Vanga kwa shangazi yake, dada wa Alfani, aliyekuwa na kifua chenye maziwa. Matanga yakakaa, yakainuliwa. Watu wakarudi kwenye mashamba yao, na Mwanaima akarudi kwenye makuti yake, akasuka, na katika kila kuti alisuka swali lile lile. Alibaki nyumbani kwa ajili ya kokwa moja. Kokwa yenyewe haikuwapo. Basi alibaki kwa ajili ya nini?

Mwalimu Rai wa chuo cha Kurani alikuja kumpa mkono wa pole. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya chini.

"Bi Mwanaima, Mola hapimi kama muuza samaki. Huwezi kusema amekunyima kwa kokwa moja. Ajali yake, siku yake iliyoandikwa, ilikuwa imefika."

"Naamini, mwalimu. Na hilo la ajali siligombi." Alikunja jani la mnazi. "Lakini mwanangu aliniita njia nzima. Mimi nilikuwa nimekaa, naingoja zamu yangu ya kumwomba Mungu, na zamu haikuja. Hapo pa kukaa ndipo panaponichoma."

Mwalimu Rai alikaa naye mpaka makuti mawili yakamalizika, akaaga.

Tangu siku ile Mwanaima hakulitoa gunia. Walikuja watu, akawapa maji ya kunywa, akawapa pole, gunia hakuwapa. Wengine walinong'ona kwamba ana uchoyo wa msiba. Hakuwasahihisha. Hakuweza kumpa mtu chombo asichojua kimevunjika wapi.

Mwezi wa Mlisho ulipofika alitandika jamvi peke yake. Alipanga ukingo baada ya ukingo. Mgongo ulimuuma kwa sababu kazi ilikuwa ya watu wawili, na mara kwa mara alinyoosha mkono upande wa pili kupokea kokwa, akakuta hakuna wa kumpa. Jua lilipopinda alifika ukingo wa mwisho. Ukatimia. Pembe kwa pembe, hakuna kokwa iliyobaki, hakuna pengo.

Alikaa akiutazama ule mraba. Umefunga, basi gunia ni zima. Gunia likiwa zima, ingebaki moja. Nayo haikubaki. Mambo mawili hayo hayakai nyumba moja. Akaikumbuka sauti ya msichana wa nywele mbili: zile zinazogawika hazibakishi moja kamwe, mwenye shida aende kwao bila neno.

Alipiga magoti, akaweka kidole kwenye kokwa ya pembeni kama alivyokuwa akifanya baba yake. Akaenda nacho ubavuni, taratibu, akitaja kwa sauti. Kidole kilifika mwisho. Mia moja ishirini na nane.

Akahesabu ubavu wa pili. Mia moja ishirini na nane.

Kwa hiyo haikupotea kokwa moja. Ulikuwa umetoka ukingo mzima, ule wa mwisho, wa kokwa mia mbili hamsini na saba. Kilichobaki nacho ni mraba, mraba mzuri, uliofunga, na usio na kitu cha mwenye shida. Panya huchukua anachokikuta. Kuku hudonoa bila mpango. Panya gani atatoa ukingo mzima, asizidishe wala asipunguze, ili mraba uendelee kufunga? Katika dunia hii watu wawili tu ndio waliozijua kingo zile, na mmoja ni yeye.

Alikwenda kwa Dama, akamkuta anachambua kunde.

"Dama, mwaka wa njaa, nilipokuwa kitandani, mwanangu alikuja kwako?"

Mikono ya Dama ilisimama ndani ya ungo.

"Nakuuliza, shoga."

"Alikuja kuazima kikaango," Dama alisema. "Na kinu. Vyenu mlikwisha kuviuza."

"Alikaanga nini?"

"Mwanaima, mambo ya njaa hayaulizwi."

"Mimi nayauliza."

Dama aliuweka ungo chini. "Kokwa. Alikuja nazo kwenye upindo wa leso. Akazikaanga, akazimenya, akaziloweka, akazitwanga. Mimi nilidhani kaziokota. Nilipomwambia, mwanangu, mikwaju yote mitupu, umezipata wapi? akalia. Akanambia mama asisikie. Akasema, mama akichungulia guniani akaona pengo, atakufa kwa huzuni kabla ya njaa. Kwa hiyo natoa ukingo mzima, mraba ufunge. Mvua ikinyesha, mikwaju ikizaa, nitaurudisha."

"Hakuurudisha."

"Ilikuja mvua ya mafuriko, ikaja harusi. Ujana ule, shoga. Nadhani aliona haya kuja kuzitia na wewe upo."

"Wewe ulijua. Na siku ile ukaniambia ni dalili njema."

"Nilijua kwamba alichukua. Mimi hesabu zenu sizijui. Sikujua kwamba ndizo zinazobakisha ile moja. Ningejua ningekusukuma kwa mikono yangu uende naye." Dama aliuinua mkono wake. "Nilikushika mkono mimi. Na mkono huo ninao mpaka leo."

Mwanaima alikaa chini, kwenye vumbi, bila kutandika kitu.

"Ule uji," alisema.

"Ndio huo. Bakuli moja siku ya kwanza, na moja siku ya pili. Yeye mwenyewe hakuonja. Nilimwambia, ramba hata mwiko. Akasema, mwiko nao ni wa mama."

Kunde zilibaki uani mpaka kuku wakazifikia, na wale wanawake wawili hawakuwafukuza.

Mikwaju ilipozaa mwaka ule, watu walimwona Mwanaima akipita chini yake na kikapu. Hakuwaambia anatafuta nini. Aliondoa nyama, akaziosha kokwa, akazianika, akazichagua zilizo nzima. Kisha alitandika jamvi, akaupanga ule mraba wa mia moja ishirini na nane, na kuzunguka pande zake mbili akaanza kuuzungushia ukingo. Kokwa mpya zilikuwa nyekundu, zinang'aa. Zile za zamani zilikuwa nyeusi kwa mikono ya watu. Mtu yeyote angeona mahali njaa ilipopita. Alipofika kokwa ya pembe, ya mia mbili hamsini na saba, aliishika kwa muda mrefu, akaiweka. Kisha akapitisha kidole ubavuni mpaka mia moja ishirini na tisa.

Vuli hiyo Mwanamvua, jirani wa ng'ambo ya shamba, alikuja mbio. Mtoto wake wa kiume alishikwa na degedege, na mumewe alikuwa akimtayarisha kwenye baiskeli ampeleke Msambweni.

"Bi Mwanaima, najua hulitoi tena. Lakini nimekuja kukuangukia."

Mwanaima alikwisha kuingia ndani. Alitoka na gunia begani.

"Waite wanawake," alisema. "Na wewe nenda na mtoto wako."

"Nani atafunga? Mwenye shida ni mimi."

"Nenda."

"Bibi, ile moja..."

"Ile moja nitakuletea. Popote ulipo nitakuletea. Kokwa ina miguu yangu. Mtoto wako hana mama mwingine. Nenda, usimwache akuite."

Mwanamvua alimtazama, akageuka, akakimbia.

Wakasoma. Dama ndiye aliyeanza, kwa sauti iliyozeeka mwaka mmoja kama miaka kumi. Mwanaima alikaa pale pale alipokaa siku ile, mikono mapajani. Kokwa nyeusi na nyekundu zilishuka pamoja, zimechanganyika. Mikono minane ilichukua nane za mwisho, na juu ya jamvi ikabaki moja. Nyekundu.

Aliichukua kwa vidole viwili, akaifunga kwenye pembe ya leso kwa mafundo mawili, akatoka. Ilikuwa ni njia ile ile. Alipita mikoroshoni, akateremka bondeni, akapanda. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu. Alikwenda bila kusimama, mkono umelishika fundo, na kila mahali alipokuwa amehesabu hatua za wale wanaume, sasa alizikanyaga.

Alimkuta Mwanamvua barazani hospitalini, mtoto mapajani, ametulia baada ya sindano, analala mdomo wazi. Mwanaima alifungua fundo, akamtia ile kokwa kiganjani. Mwanamvua akaifumba, akafumba na macho.

"Ya Latifu," alisema, na kisomo kikafungwa.

Mwanaima alikaa karibu naye kwenye benchi. Idadi ilikuwa imetimia, elfu kumi na sita, mia sita arobaini na moja, kama baba yake alivyoacha. Na maisha yake yote hakuwahi kuiongeza wala kuipunguza. Alinyoosha mkono.

"Nipe kidogo," alisema.

Mwanamvua alimpa. Kokwa ilikuwa na joto la mkono wa mwenziwe. Mwanaima aliishika kama alivyokuwa amejua ataishika siku ile, akainamisha kichwa, akaita mara moja, kwa sauti ndogo isiyoweza kumwamsha mtoto. Kisha akaifunga tena kwenye leso, airudishe guniani kabla jua halijatua.